Gauni jekundu la kizamani lenye mgongo nyuma, kama la kwenye Dracula ya 1992, nimekwama mafundi

FundiMwanga (Kigoma)

Habari zenu wapendwa, mimi ni fundi hapa Kigoma, Mwanga, nashona magauni ya sendofu, vitenge, sare za shule, mwaka wa 9 sasa, na sijawahi kukwama hivi. Kuna binti ana sendofu yake mwezi wa 12, kaja na picha kwenye simu ameikamata kutoka kwenye filamu ya Dracula ile ya 1992, ni lile gauni jekundu ambalo yule dada Mina anacheza nalo katikati ya mishumaa, kiuno kimebana, nyuma limesimama limebinuka halafu linamwagika hadi chini. Binti kanambia mama mimi sitaki gauni la kila mtu, nataka hili. Nikakubali maana na mimi moyo ulinidunda nilipoliona.

Sasa nikaona nisichezee kitambaa chake, nikajaribu kwanza na satini yangu iliyokuwa dukani. Nimekata kama ninavyokata gauni la sendofu siku zote, kipande kimoja juu hadi chini, zipu mgongoni, nyuma nikajaza neti tabaka 5 na frili juu yake nikijua litasimama. Halikusimama. Neti imelala, frili zinaning'inia kama mkia, na upindo wa nyuma umepanda juu kama sentimita 12 kuliko wa mbele yaani visigino vyote nje. Kifuani ndo balaa, kiunoni kuna mikunjo ya kulala imezunguka, na akinyanyua mikono gauni zima linapanda nayo mpaka kiuno kinakuwa mbavuni.

Naomba mnieleze hawa watu wa zamani walikuwa wanafanyaje, maana nimetafuta video nyingi zote wanatumia vitu ambavyo hapa sivipati. Na pia kitambaa gani kitafaa na hili joto letu la ziwani, ukumbi hauna AC. Binti ni saizi ya kawaida tu, kiuno 72, hipsi 98, urefu wa kati. Asanteni.

Babu Cherehani (Tabora)

Mwangaluka mwanangu. Mimi nipo Ng'ambo Tabora, nimekaa kwenye cherehani tangu kijana na sasa macho ndiyo yanaanza kuomba msaada lakini mkono bado upo. Nimesoma ulivyoeleza nikaelewa hapo hapo ulipopotelea, na wala si uvivu, ni kwamba umeshona gauni wakati kile si gauni.

Lile vazi ni vitu viwili mbalimbali, blauzi na sketi. Enzi zile za Malkia Victoria, na yeye alitawala kuanzia 1837 mpaka 1901, bibi wa Kizungu alikuwa anavaa shimizi ya pamba, juu yake koseti, lile vazi la kubana kifua na kiuno, kisha anafunga basoli, lile umbo la kubinua nyuma, juu ya basoli sketi ya ndani, halafu sketi ya nje, juu yake kitambaa cha kukunjwakunjwa, na mwisho kabisa ile blauzi ya kubana inayoshuka kuficha mkanda wa sketi. Ukiona picha unadhani ni kipande kimoja kwa sababu rangi ni moja. Sasa wewe umeanzia juu, wenzako walianzia ndani. Umbo lote lipo chini, kitambaa cha nje kinalalia tu kama kitambaa cha meza. Meza ikiwa haipo hata uweke kitambaa cha bei gani kitalala sakafuni.

Na usipime kitu chochote kabla hajavaa vya ndani. Ule upindo wako umepanda kwa sababu umepima kiuno hadi chini mara moja ukakata hivyo hivyo kuzunguka. Nyuma kitambaa kinapanda mlima kwanza ndipo kishuke, kwa hiyo njia yake ni ndefu. Mvalishe basoli na viatu atakavyovaa siku yenyewe, pima kiunoni hadi chini mbele, ubavuni, na nyuma ukipitisha futi juu ya lile nundu. Utapata namba tatu tofauti, ndizo hizo ukate.

Kitu kingine, acha kujaribu kwa satini, inateleza na inadanganya. Nunua merikani, ile pamba isiyotiwa rangi. Jaribu kila kitu kwa merikani kwanza, blauzi na sketi, chora juu yake na kalamu, kata, ongeza, punguza, ikikaa sawa ifumue hiyo hiyo iwe pateni yako. Na nikwambie kitu, hiyo merikani ni kitambaa cha zama zile zile. Wakati mabibi wa London wanavaa mabasoli, huku kwetu Unyanyembe na huko kwenu Ujiji misafara ilikuwa inaleta majora ya merikani na kaniki kutoka pwani, Wanyamwezi wameyabeba mabegani, mali ikipimwa kwa doti. Jina lenyewe limetokana na Amerika kilikokuwa kinafumwa. Kwa hiyo ukishika merikani kushona gauni la 1885 hujaenda mbali.

FundiMwanga (Kigoma)

Shikamoo babu. Nimesoma mara tatu mpaka mume wangu ananiuliza nasoma nini. Kweli nilikuwa nashona juu ya hewa. Sasa hilo basoli nalitengeneza na nini, kwenye video wanasema vyuma maalum, hapa hakuna.

mavazi_ya_jukwaa (Tabora)

Dada pole na hongera kwa kuthubutu, mimi nipo Kanyenye, nashona mavazi ya maigizo ya wanafunzi na ya kwaya za pasaka, na hilo basoli nimeshatengeneza mara mbili kwa ajili ya igizo la historia kwa hiyo ngoja nikwambie nilivyofanya.

Usihangaike na chuma. Wenyewe wa zamani walitumia chuma ndiyo, lakini pia fito za henzirani na hata nywele za farasi zilizofumwa. Mimi natumia ile mikanda myeupe migumu ya plastiki wanayofungia makatoni ya bidhaa, ukienda kwa wenye maduka ya jumla wanakupa bure wanaitupa. Unalaza miwili au mitatu pamoja unaifunga na selotepu ili iwe na nguvu. Halafu unakata nusu sketi ya shuka zito la pamba, ya nyuma tu, inaanzia kiunoni inaishia kama magotini, unashonea vijia vya kulala kuanzia ubavu hadi ubavu, vitano au sita, kila kimoja umbali wa kama sentimita 9 kutoka cha mwenzake, unapitisha mikanda humo. Hapo bado itakuwa bapa, usishtuke. Siri ipo ndani, kwa ndani unashonea kipande kingine cha shuka kila upande na unakitoboa matundu unakifunga na kamba kama kiatu, ukivuta kamba ile mikanda inajipinda kuwa nusu duara na mgongo unatoka. Ukitaka kubwa unavuta, ukitaka dogo unalegeza. Juu kabisa pale kiunoni weka kijimto kidogo kilichojazwa pamba au mabaki ya vitambaa ili pasionekane shimo.

Kisha LAZIMA sketi ya ndani ya pamba yenye frili nyuma, usipoweka ile mikanda itaonekana mistari mistari kama mbavu za ng'ombe wa kiangazi.

Na kuhusu kukaa, maana binti atakaa meza kuu masaa, plastiki inakunja yenyewe akikaa na akisimama inarudi, atengeneze tu mazoea ya kukaa kwa upande kidogo mbele ya kiti. Hata enzi zile walilia na hilo mpaka likatengenezwa basoli la kujikunja, likapewa jina la mwigizaji Lillie Langtry. Kwenye gari apande Noah asipande bajaji.

Kuhusu filamu yenyewe, mimi ile naipenda kupita kiasi kwa sababu ya mavazi. Aliyeyabuni ni mama wa Kijapani, Eiko Ishioka, na alipata Oscar kwa kazi ile. Sasa angalia alichofanya, hadithi inasema ni 1897, na mwaka huo mabasoli yalikuwa yameshaachwa muda, kilichotamba katikati ya miaka ya 1890 ni mikono mikubwa iliyovimba mabegani na sketi inayofunguka kama kengele. Basoli lilikuja mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1870, likafifia, likarudi kama 1883 likiwa limesimama haswa kama rafu, kufika 1890 basi. Yeye akamvalisha Mina mgongo wa miaka ya 1880 kwa sababu alitaka umbo lile. Mimi nasema haya ili usijione unakosea ukichanganya, yeye mwenyewe alichagua alichokipenda akakifanya kwa ukamilifu. Mteja wako naye anataka ajisikie vile anavyojisikia akitazama picha, sio kila frili iwe palepale.

UjijiMitumba (Kigoma)

Mama Mwanga kuhusu kitambaa mimi nina wazo, nauza mitumba ya mapazia na mashuka kwa hiyo naongea ninachokijua. Usinunue satini mpya ile nyepesi, inang'aa sana na jasho likiingia inaonyesha ramani. Tafuta mapazia ya mtumba mazito ya pamba au yenye mchanganyiko, mekundu ya damu ya mzee yanakuja mara kwa mara, pazia moja linaweza kuwa na upana wa mita moja na nusu na urefu mita 2 na kitu, ukipata manne yanayofanana una gauni zima na akiba. Yana uzito wa kuanguka vizuri kwa nyuma na yameshafuliwa hayatasinyaa tena. Kabla hujakata yaangalie juani, mapazia huwa yamechujuka upande wa dirisha, hiyo sehemu weka kwa ndani kwenye mikunjo.

Nimesahau, velveti usithubutu, watu wengi wakisikia kizamani wanakimbilia velveti, kwa ukumbi usio na AC huyo binti atazimia kabla hajakata keki.

FundiMwanga (Kigoma)

Ahsanteni jamani mpaka nasikia raha. Nimekaa nimehesabu, sketi ya chini kama mita 4, ya juu ya kukunja mita 3, blauzi 2, na kidogo cha frili, yaani kama mita 10. Kweli mapazia ndo yatanifaa. Nitakuja Ujiji Jumamosi.

Sasa hiyo blauzi. Nimekata ya merikani kama babu alivyosema, kwa pateni yangu ya kawaida ya mishono miwili nyuma na miwili mbele. Mikunjo ya kiunoni imepungua ila ipo na mikono bado inavuta. Tatizo nini?

Babu Cherehani (Tabora)

Marahaba mama. Kwanza mikono. Pateni zetu za leo kwapa ni pana, tumezoea mtu apate hewa. Ukilichimba kwapa chini, mtu akinyanyua mkono ananyanyua ubavu wote. Wale wa zamani kwapa lao lilikuwa dogo na limepanda juu kabisa karibu na mwili, linagusa. Ukiliona utasema litamkaba, lakini ndilo linalompa uhuru. Pandisha kwapa kwa sentimita 2 au hata 3, mkono ukate kwa vipande viwili, cha juu na cha chini, na uupinde kidogo pale kwenye kiwiko kwa sababu mkono wa mtu haujanyooka kama bomba. Na mshono wa bega usiukalishe juu ya bega, urudishe nyuma ya bega. Vipande vya mgongo wa kati viwe vyembamba, pale kiunoni kila kimoja vidole viwili vitatu tu, na mishono ya pembeni iingie kwa kupinda kutokea kwapani. Huo wembamba ndio unaodanganya jicho likaona kiuno kidogo, wala si kumbana mtu. Mbele weka dati, ile mikunjo ya kushonwa ya kubana kitambaa, mbili kila upande, zisimame.

Pili mikunjo. Bitana yako umeishonaje? Nina hakika umeshona gauni peke yake na bitana peke yake ukazikutanisha shingoni kama koti. Usifanye hivyo. Kata kila kipande mara mbili, cha nje na cha pamba ngumu, vilaze pamoja, vipige bandi kuzunguka, na kuanzia hapo vihesabu ni kitambaa kimoja. Shona mishono yote hivyo, akiba ya mshono ifunguke ipigwe pasi, kingo zimaliziwe kwa mkono. Kitambaa cha nje kinakuwa hakibebi kitu, mzigo wote unabebwa na pamba ya ndani.

Juu ya mishono ya ndani ndipo unashonea vijia vya mifupa. Zamani ilikuwa ile iliyoitwa mifupa ya nyangumi, ingawa ni fito za kinywani mwake, au chuma, wewe tumia zile tai ngumu za plastiki za kufungia nyaya za umeme, zile pana, kata ncha, zichome kidogo na moto ziwe duara zisitoboe. Mfupa uanzie chini ya titi ushuke kupita kiuno kidogo. Usiufikishe juu ya titi kwenye dati, utasukuma kifua.

Na kitu cha mwisho ambacho mafundi vijana hawakijui kabisa. Ndani ya kiuno weka utepe mgumu usiovutika, urefu wake sawa na kiuno cha binti kikiwa kimevaa vya ndani, ushikize kwenye mishono ya nyuma na ya ubavuni tu, mbele uning'inie huru na uwe na kulabu zake. Akivaa anafunga kwanza huo utepe, ndipo anafunga vifungo vya blauzi. Huo utepe ndio unaoshika kiuno mahali pake, blauzi haipandi tena hata acheze mpaka asubuhi, na vifungo havivuti kwa sababu kazi imeshafanywa na utepe.

Watu wanadhani nguo hizo zote zilishonwa kwa mkono. Hapana, Singer alipata hataza ya cherehani yake 1851 kule Marekani, miaka ya 1880 mishono mirefu yote ilikuwa ya cherehani, mkono ulibaki kwenye kumalizia. Kwa hiyo ukiwa na cherehani ya kukanyaga una chombo kile kile.

binti_wa_Gungu (Kigoma)

Samahanini naingilia, mimi sio fundi ila nilivaa koseti siku ya sendofu yangu mwaka juzi, fundi aliikaza mpaka sikula hata kipande cha keki na nikatapika nyuma ya ukumbi, naomba mama usimbane huyo mdada. Bora gauni lisifanane na filamu kuliko hivyo, ile siku ni yake ajisikie vizuri amuage mama yake akiwa anapumua.

mavazi_ya_jukwaa (Tabora)

Pole sana mdogo wangu, na uko sahihi kabisa. Hata zamani koseti kwa wanawake wengi ilikuwa ya kushika kifua na mgongo na kubeba uzito wa masketi kama sisi na sidiria, wa kujikaza kupita kiasi walikuwepo ila sio kila mtu. Dada Mwanga mimi ningekushauri koseti uache, ile blauzi ya babu yenye mifupa na utepe inatosha, chini avae shimizi ya pamba isiyo na mikono inywe jasho. Kiuno kionekane kidogo kwa sababu nyuma ni kubwa, ndo maana ya basoli. Jaribu umuone kabla na baada ya kumfunga basoli, futi itakwambia 72 ile ile ila macho yatakataa.

Na kwenye sketi usisahau kamba za ndani. Mbele sketi iwe laini haina mkunjo hata mmoja, marinda yote yarundikwe nyuma, halafu ndani kwenye mishono ya ubavuni shonea kamba jozi 2 au 3, akivaa zinafungwa kwa nyuma chini ya sketi. Hizo zinavuta kitambaa kisije mbele akitembea. Duara la chini mita 2 na robo hivi linatosha, ukizidisha inakuwa gauni la bibi harusi wa leo. Ule mkunjo wa juu usiuchore kwenye karatasi, mvalishe, bandika na pini moja moja huku unarudi nyuma hatua tatu kuangalia, mimi hapo hutumia mchana mzima na sioni muda unavyopita.

FundiMwanga (Kigoma)

Narudi wapendwa baada ya wiki mbili. Mapazia nimepata matano kwa mama wa Ujiji, rangi ni nyekundu iliyoiva, nimeyafua nimeyaanika nikayaona yalivyochujuka kweli upande mmoja. Basoli nimetengeneza na mikanda ya makatoni, la kwanza lilikuwa linayumba kushoto kulia akitembea, nikalifumua nikagundua kamba za ndani nilifunga chini tu, nikaongeza na pale juu likatulia.

Jana jioni binti kaja tumejaribu merikani yote, shimizi, basoli, sketi ya ndani, sketi ya juu na blauzi. Namba za upindo mbele 101, ubavuni 104, nyuma 116, yaani ile 12 niliyokuwa naikosa babu imeongezeka hadi 15! Nikamfunga utepe wa kiuno nikafunga vifungo nikamwambia nyanyua mikono. Kanyanyua yote miwili mpaka juu kabisa, blauzi haikusogea hata ukucha. Nikamwambia zunguka, akazunguka, mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi akasimama hakusema kitu, akaanza tu kulia. Na ni merikani nyeupe ina michoro ya kalamu kila mahali.

Imebaki kitu kidogo kwapani upande wa kulia linakunja, nadhani nipunguze nusu sentimita. Kesho nikijaliwa naanza kukata nyekundu.

Babu Cherehani (Tabora)

Hongera sana mwanangu, umenifurahisha. Hilo la kwapani usipunguze, fumua mkono uuzungushe kidogo kwenda mbele, mkunjo utaondoka wenyewe. Na hizo namba za upindo, je alikuwa na viatu vyenyewe vya sendofu au alivaa ndala za kuja navyo? Kama ni ndala, usikate nyekundu kesho. Subiri alete viatu.